Tanzia ya Chumvi

Nyumba ile haikuwa na katiba, lakini ilikuwa na sheria, na sheria yenyewe ilikuwa moja: Baba asipandishwe presha. Mlango haukubamizwa kwa sababu ya presha ya Baba. Televisheni ilinong'ona kwa sababu ya presha ya Baba. Paka wawili walipopigana juu ya bati, Shangazi alitoka na ufagio akawakumbusha kwamba humu ndani kuna mtu ana presha.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba na mlinzi mkuu wa sheria hiyo. Kabla ya kustaafu alikuwa matroni wa bweni la wauguzi, na kwa miaka hiyo yote alijiona amesomea uuguzi kupitia ukutani.

Baba mwenyewe alikuwa fundi wa tairi. Kibanda chake kilisimama kando ya barabara, na mali yake ilikuwa kompresa moja ya bluu ya kujazia upepo, beseni la maji ya kutafutia pancha, na rundo la tairi zilizokwisha kazi duniani. Presha kwake haikuwa ugonjwa, ilikuwa kazi. Kwa hiyo mwaka uliotangulia, nesi alipomfunga kitambaa mkononi na kumwambia presha yake iko juu, alimuuliza kifundi: "Kipimo chake kinatakiwa kiwe ngapi?" Akatajiwa. Akapewa dawa. Mwezi uliofuata akapimwa tena, na mshale ukakaa pale pale palipotakiwa.

Hapo ndipo alipokosea, tena kwa akili zake zote. Tairi likizidi upepo, fundi anautoa. Likishafika kipimo anafunga kifuniko na kumkabidhi mwenye gari. Haendelei kutoa upepo mpaka rimu iguse lami. Basi Baba akazitia dawa zilizobaki ndani ya kopo la viraka, chini kabisa, akaendelea na maisha. Hakuona kwamba anaficha kitu. Mama alipomuuliza, "Umekunywa dawa?" alijibu, "Nakunywa kazini, na chai." Mama akauliza kesho yake pia, na keshokutwa, na jibu likawa lile lile hadi likaota mizizi.

*

Binti yao alirudi kutoka shule ya bweni katikati ya muhula, sanduku la bati kichwani, bila godoro. Shuleni walimwita Redio, na hata nyumbani jina hilo lilikuwa limemfuata. Mama alikuwa akipiga pasi sare za watu, kazi iliyowalisha siku ambazo magari ya mji yalikataa kupata pancha. Akaisimamisha pasi.

"Mbona umerudi?"

"Nimefukuzwa wiki mbili. Nirudi na mzazi."

"Umefanya nini?"

"Nimesoma tangazo."

"Tangazo gani la kumfukuzisha mtu shule?"

"Tanzia."

Mama akaweka mkono kifuani. "Nani kafa?"

"Chumvi," akasema Redio.

Ikabidi aeleze. Jikoni kwao shuleni chumvi ilikuwa haijaonekana tangu mwezi uliopita. Siku wajumbe wa bodi walipokuja kula bwaloni, yeye alikamata kipaza sauti na kuitangaza imefariki, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. Mjumbe mmoja mwenye masikio mazito alisimama, akavua kofia, na bwalo zima likalazimika kusimama naye. Mwalimu mkuu hakujua aketi au asimame. Kilichomkasirisha zaidi, alisema Redio, ni pale aliposoma kwamba mazishi hayatafanyika kwa kuwa mwili haujapatikana.

Baba alikuwa kwenye kigoda akihangaika kuvua viatu, ambavyo siku hizi vilimbana kama vya kuazima. Aliposikia hayo aligeukia ukutani. Mabega yakaanza kumtetemeka.

"Mnaona!" Shangazi akanyanyuka. "Anatetemeka kwa hasira. Mdogo wangu, usijibu kitu. Vuta pumzi. Na wewe mtoto, ondoka mbele yake kabla hujatuletea msiba wa kweli."

Redio akaondoka. Asubuhi iliyofuata, Baba alipiga magoti kufungua nati za gurudumu, akaomba maji ya kunywa, na maji yalipokuja hakuweza kuinuka kuyapokea. Kichwa kilimgonga, pumzi ilikuwa fupi, na palipokuwa na tairi moja yeye aliona mbili. Mwenye gari akampakia na kumkimbiza hospitali, jeki ikabaki peke yake barabarani.

*

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Alipima presha mkono wa kulia, akapima wa kushoto. Kisha akakibonyeza kwa kidole gumba kifundo cha mguu wa Baba, akakiachia. Shimo la kidole likabaki pale pale. Baba akalitazama kwa aibu ya kikazi. Mpira unaofanya hivyo yeye asingemruhusu mtu kuondoka nao.

"Mkojo wako una povu?"

Nyumba nzima ilikuwa imemfuata hospitali. Baba akamwangalia dada yake. Akamwangalia binti yake. Hakuna aliyekuwa na adabu ya kutoka nje.

"Povu namna gani?"

"Kama la sabuni. Ambalo haliishi haraka."

"Linakuwepo," Baba akaiambia sakafu. "Nilidhani choo kimemwagiwa sabuni."

"Sabuni ya nani?" akauliza Mama. "Mimi nimwage sabuni kila siku, nimeokota?"

Daktari akasubiri sabuni iishe. "Dawa za presha uliwahi kupewa?"

"Nilipewa."

"Unazinywa?"

Mama alimtazama mumewe kwa utulivu wa mtu aliyeuliza swali hilo kila siku ya Mungu na kujibiwa. Utulivu ule ndio uliomfunga Baba mdomo, kisha ukaufungua vibaya.

"Nakunywa. Kazini, na chai."

"Na kichwa kikiuma?"

"Nameza vya maumivu, vya dukani. Mgongo nao unasumbua."

Daktari akaandika. Pengine alijua anadanganywa, lakini foleni ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi. Walimtoa Baba damu, wakampa kikopo, wakamlaza. Majibu yalipotoka daktari aliwaita wote.

"Ni figo," alisema. "Figo ni machujio ya damu, na ndani yake kuna mishipa midogo sana. Presha ikikaa juu muda mrefu inaiharibu, na vile vidonge vya dukani vinaongezea. Sasa, figo hizo hizo ndizo zinazosaidia kuipanga presha ya mwili. Zikiumia, presha inapanda zaidi. Ikipanda, zinaumia zaidi. Moja inamsukuma mwenzake."

"Zangu zimebaki kiasi gani?" Baba akauliza.

"Zinafanya kazi kama theluthi tu. Zilizoharibika hazirudi. Zilizobaki tunaweza kuzilinda, na ukawa nazo muda mrefu: dawa kila siku, chumvi kidogo sana, vidonge vya maumivu basi. Bila hivyo tutakuja kuzungumza habari ya mashine ya kusafisha damu. Na hapa kwetu haipo."

Shangazi akainua mkono, kama mwanafunzi anayelijua jibu.

"Na hasira je, daktari? Mtoto akimuudhi mtu?"

"Hasira inaweza kuipandisha kwa muda, lakini..."

"Mmesikia wenyewe," akasema Shangazi, akachukua mkoba wake. Ile "lakini" ikabaki chumbani na daktari.

*

Baba aliporudishwa nyumbani, hukumu ilikwisha kuandaliwa. Shangazi aliisoma sebuleni, kwa sauti ya chini aliyoamini haipenyi pazia la chumba cha mgonjwa. Ilipenya yote.

"Huyu harudi shule. Jumatatu nitafuata godoro lake. Atakaa hapa amhudumie baba yake, aione kazi ya mikono yake."

"Wifi, mtoto ana mtihani mwakani," Mama akasema.

"Mtihani ataufanya akiwa na baba, au akiwa yatima?"

Mama alikuwa na mume ambaye miguu yake iliacha mashimo, na mbele ya mashimo yale alikosa nguvu ya kumtetea mtu yeyote. Redio alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mboga. Hakubisha wala hakununa. Alisema tu, "Sawa, Shangazi," na sauti iliyowahi kusimamisha bwalo zima ilikuwa nyembamba kama uzi.

Tangu hapo alitembea kwa vidole. Alifunga milango kwa mikono miwili. Siku moja akaona saa ya ukutani inagonga mno, akapanda kiti na kuitoa betri. Kutoka kitandani Baba akauliza ni saa ngapi, na hakuna aliyejua.

Baba alimwona akishuka kwenye kiti kile, betri kiganjani. Alifungua mdomo. Wakati huo huo Mama aliingia na dawa mpya, akaketi kitandani, akamwambia kwa upole, "Zile za zamani hazikukufaa, mume wangu. Hizi labda zitakufaa." Baba akameza kidonge na yale aliyotaka kuyasema, vyote kwa funda moja la maji.

Jikoni nako chumvi ilipigwa marufuku. Kabichi ilifika mezani ikiwa na uso wa kufiwa. Shangazi alitafuna kwa ushujaa. Zamani Redio asingeiacha kabichi ile ipite bila neno. Sasa aliila akiangalia meza, na kimya chake kilikuwa ndicho chakula kibaya kuliko vyote.

*

Jumamosi Baba alisema anakwenda kibandani kukaa tu. Shangazi akaruhusu kwa sharti kwamba Redio aende kuinama badala yake.

Dereva wa lori alikuwa ameshafika, anasubiri. "Fundi! Nasikia presha imekupanda."

"Imeshuka."

"Basi nijazie mimi, yangu imeshuka kweli."

Redio akawasha kompresa. Ikanguruma, mshale wa geji ukapanda taratibu kuelekea alama nyekundu, mahali ambapo siku zote mota hujikata yenyewe. Safari hii haikujikata. Mshale ukaipita alama. Mota ikaendelea.

"Zima!" Baba akapiga kelele. "Chomoa!"

Redio akachomoa waya. Valvu ya usalama ikapiga mluzi mrefu, dereva akajikuta nyuma ya lori lake bila kukumbuka amefikaje. Upepo ulipokwisha, Baba alisogeza kigoda, akakifungua kile kiboksi kidogo cheusi kilichokaa juu ya tangi. Ndani, vipande viwili vya shaba vilikuwa vimeungua na kugandana.

"Hii ndiyo swichi ya presha," akamwambia binti yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumzungumzisha kwa sauti ya kawaida. "Hii ndiyo inayoamua kwamba upepo umetosha. Mwaka jana niliikaza ili ipitishe zaidi, kwa ajili ya haya malori. Sasa ukiifanyisha kazi kwenye presha kubwa muda mrefu, inaungua. Ikishaungua, presha haina tena wa kuizuia. Inapanda, inaiunguza zaidi, inapanda..."

Akaishusha bisibisi.

"Moja inamsukuma mwenzake," akasema Redio. "Ndivyo alivyosema daktari."

Baba akaendelea kuitazama ile shaba. Alikuwa amekaa hospitali, amesikia maneno ya figo yote, na yalikuwa yamempita kama magari barabarani. Sasa gari moja lilikuwa limesimama mbele yake na kuzima injini.

"Na ilikuwa inafanya kazi vizuri tu," akasema polepole. "Hata siku niliyoanguka. Haikulia, haikutoa moshi."

"Baba, mimi..." Redio akaanza. "Nisingesoma ile tanzia, usingeanguka. Naomba unisamehe. Sitarudi shule, nitakaa tu hapa na..."

"Lete kopo la viraka."

"Swichi hiyo haizibwi kwa kiraka, Baba."

"Lete."

Akalileta. "Fungua. Toa viraka vyote, uone chini."

Redio akavitoa. Chini kulikuwa na karatasi za vidonge, zimeingia vumbi jeusi la mpira, nyingine hazijaguswa hata kidonge kimoja. Akazisoma. Tarehe ya kupewa, iliyoandikwa kwa kalamu, ilikuwa ya mwaka jana.

"Niliacha," Baba akasema. "Nilipimwa nikaonekana sawa, nikaona kazi imekwisha. Hizo figo hazikuharibika siku ya tanzia yako. Zilikuwa zinaungua mwaka mzima, mimi nakunywa chai."

Alitegemea kwamba mtoto angelia, au angemkumbatia. Redio hakufanya hata kimoja.

"Wiki nzima natembea kwa vidole," akasema, na sauti ikaanza kumrudia, bila upole hata kidogo. "Nimetoa betri kwenye saa!"

"Nilikuona."

"Ukaniona ukanyamaza? Shangazi ananiita muuaji, na wewe umelala pale unasikiliza?"

"Mama yako aliniuliza kila siku," Baba akasema. "Kila siku. Ningeanzia wapi?"

"Fundi," dereva akaita kutoka nyuma ya lori, "na mimi je? Nije Jumatatu?"

"Jumatatu," wakajibu wote wawili, kwa hasira moja, na Redio akafuta macho kwa mkono mchafu wa grisi. "Utasema?"

"Nitasema."

"Lini?"

"Leo."

*

Chakula cha usiku kilikuwa maharage. Kopo la viraka lilikuwa miguuni pa Baba, chini ya meza. Hakusema wakati wa kunawa. Hakusema wakati wa kupakua. Shangazi alikuwa akieleza basi atakalopanda Jumatatu kufuata godoro, na Baba alitafuna kijiko baada ya kijiko. Kila alipokohoa Redio aliinua macho, na kila mara kilikuwa kikohozi tu.

Mwishowe akaweka kijiko chini.

"Haya maharage," akasema. "Redio, nisomee ile tanzia."

Mkono wa Shangazi ukasimama hewani. "Tanzia? Katika nyumba yenye mgonjwa? Umepatwa na nini?"

"Nisomee, mwanangu. Sikuisikia yote."

"Sisomi," akasema Redio. "Anza wewe, Baba. Na wewe una tangazo lako."

Mama akawatazama mmoja mmoja. Baba akainama, pumzi ikamsumbua kidogo, akaliweka kopo mezani katikati ya sahani. Akalifungua mwenyewe. Harufu ya gundi na mpira ikajaa chumbani.

"Dawa za presha niliziacha," akasema. "Mwaka jana. Hizi hapa. Mtoto huyu hakunipandisha kitu. Ni mimi."

Mama alichukua karatasi moja ya vidonge, akaipangusa kwa pindo la kanga, akasoma. Akachukua nyingine.

"Kila siku nilikuuliza."

"Kila siku nilikudanganya."

"Hata hospitalini, mbele ya daktari. Nikaona dawa ndiyo mbaya." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Aliinuka, akaenda kwenye meza yake ya kupigia pasi, akasimama pale akiwapa mgongo, akikunja shati ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

Shangazi alikuwa bado anapigana. "Haiwezekani. Nilikuona kwa macho yangu! Siku ile alipokuja na sanduku, ulitetemeka mwili mzima kwa hasira!"

"Nilikuwa nacheka, dada."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nacheka. Niliona ukiniona utanikataza." Akajaribu kubaki na uso wa toba, kama hali ilivyodai. "Mwili haujapatikana," akasema, na mabega yakaanza tena, yale yale, kwa mtetemo ule ule. Ila safari hii hapakuwa na ukuta wa kugeukia, na Shangazi akauona uso. Akamgeukia Redio, akatengeneza kilemba chake ambacho hakikuwa kimeharibika.

"Basi isome," akasema kwa ukali. "Tusikie hicho kilichotugharimu."

Redio akasimama. Akakamata mwiko.

"Kwa masikitiko makubwa, wanafunzi wa shule hii wanatangaza kifo cha mpendwa wao Chumvi, kilichotokea ghafla katika sufuria ya maharage. Marehemu ameacha wajane wawili, Maharage na Kabichi, ambao hali zao ni mbaya. Mazishi hayatafanyika kwa kuwa mwili haujapatikana. Habari ziwafikie Nyanya, Kitunguu, na Sukari popote alipo, ambaye naye hajaonekana tangu muhula uanze."

Shangazi alikaza midomo. Ikashika. Kisha puani ukamtoka mlio kama wa valvu ya usalama, na Baba akalaza kichwa mezani. Redio akacheka na kulia bila kupanga zamu.

Mama hakucheka. Alirudi na glasi ya maji na kidonge cha jioni, akaviweka mbele ya mumewe, juu kabisa ya zile karatasi za zamani. Akavuta kiti akakaa karibu, goti kwa goti.

"Kunywa," akasema. "Na ufungue mdomo nione."

Baba akanywa. Akafungua mdomo kama mtoto wa chekechea. Mama akatazama juu ya ulimi, akatazama na chini yake, na hakuna aliyethubutu kufanya mzaha.

*

Godoro halikufuatwa. Siku ya kurudi shule Baba alikwenda mwenyewe, amevaa ndala kwa sababu viatu bado vilikataa. Mwalimu mkuu alizitazama ndala zile zaidi kidogo kuliko inavyostahili.

"Mzazi, nisikufiche. Huyu mtoto atakupandisha presha."

"Presha ninayo, mwalimu," Baba akasema. "Nimekuja nayo mwenyewe, yeye hahusiki. Ila kwa bodi atawaomba radhi." Akatoa kidonge mfukoni mwa shati. "Saa yangu imefika. Naomba maji."

Maji yakaletwa. Mwalimu mkuu alimwangalia akimeza, akasahau mahubiri yake.

"Hivyo unakunywa hata siku unayojisikia mzima?"

"Siku hiyo hasa."

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, taratibu, akaliandika jina la Redio katika orodha ya waliorudi.

Redio alimsindikiza baba yake hadi getini. Walitembea kwa mwendo wa ndala. Alijua, kwa sababu daktari aliwarudia kuwaambia, kwamba theluthi ile inaweza kukaa miaka mingi, na inaweza isikae. Baba naye alijua. Akasimama, akajifanya anatengeneza ndala.

"Na yangu?" akauliza. "Tanzia yangu. Umeshaiandika?"

"Sijaanza," akasema Redio. "Nina masomo mengi, Baba. Sina nafasi mpaka nizeeke."

Baba akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeambiwa tarehe ya kazi, akashika njia ya kituo cha basi. Redio akabaki getini. Alipoona amefika mbali akakunja viganja mdomoni, na kwa sauti yote aliyojaliwa akatangaza, watu wa barabarani wakageuka:

"Na ya jioni, Baba! Usisahau ya jioni!"